Vanishi kwenye Vibuyu vya Uji

Madina alianza kuuza uji wa mtama sokoni Koboko, kaskazini mwa Uganda, mwaka mmoja baada ya kurudi kutoka ukimbizini Sudan. Vikombe vya plastiki kutoka Zaire vilikuwa tele, ila vililegea na kunuka kila alipomimina uji wa moto. Akapanda vibuyu nyuma ya nyumba, akavipasua na kuvikausha, wateja wakavipenda. Kero ilikuwa kuvisugua, maana vilinyonya uji na kubaki na madoa.

Mumewe, Sebit, alikuwa askari zamani. Sasa alikuwa seremala, na kazi zilikuja kwa nadra. Madina alipokwenda Arua kumwona dada yake huko Mvara, Sebit alivipaka vibuyu vyote vanishi ya viti, ndani na nje. Madina aliporudi alivikuta vimepangwa juani, vinang'aa.

"Sasa havinyonyi kitu tena, Mama Sule," Sebit alisema, akitabasamu kwa namna ambayo hakuwa ametabasamu tangu warudi.

Madina alimshukuru, na shukrani ilitoka moyoni. Asubuhi akamimina uji katika kimoja. Mvuke ukapanda na harufu ya karakana, na juu ya uji kukaelea utando mwembamba.

"Hii iko na harufu, Baba Sule."

"Itaisha. Imekauka vizuri."

"Imekauka kwa kukalia. Mutu hakuli kiti."

Sebit akakichukua, akagugumia uji wote ili kumwonyesha. Alipangusa midomo, akaenda nyuma ya nyumba kusukutua. Kabla ya adhuhuri tumbo lilikuwa linamsokota. Madina akamtandikia mkeka, akampa maji, akaacha soko siku hiyo.

Mchana akaja Rosa Kiden, mkimbizi kutoka Kajo Keji, mteja wake wa kila siku.

"Leo uji hakuna?"

"Vyombo vimeharibika," Madina alijibu, bila kumtaja mtu.

Kutoka ndani sauti ya Sebit ikasikika: "Mimi ndiyo niliharibu, dada."

Rosa akacheka, Madina naye akashindwa kujizuia. Kisha Rosa akaeleza kwamba kwao kibuyu hupashwa moto taratibu, kikapakwa mafuta ya simsim, yaani ufuta, kikaachwa kinywe mpaka kishibe.

Sebit alipopata nafuu alitaka kuikwangua vanishi. Madina akakataa, ilikuwa imeshaingia ndani. Vibuyu vile wakavitumia kuwekea mbegu na misumari. Sebit akachukua vingine vilivyokuwa vimekauka darini, akavikata kwa msumeno, kingo laini kuliko za kisu cha Madina, wakakaa pamoja jikoni wakivipaka simsim.

Uji wa kwanza alikunywa Sebit, polepole.

"Nasikia mtama tu," alisema.

Mwezi uliofuata wauza uji wengine wakaanza kumletea Sebit vibuyu vyao awakatie, na Madina akawa anawauliza kwanza kama nyumbani wana simsim ya kuvipaka.