Benchi la Nyuma

Kikapu cha simu kilipomfikia, Mchungaji Ambokile alikuwa bado anaandika. Kwenye ubao wa ukumbi ule wa Kihesa, mjini Iringa, mkufunzi alikuwa ameacha sentensi ya mwisho ya mafungo: *Kiongozi hujua jambo lipi lianze.* Ambokile aliipigia mstari mara mbili. Kwa siku tatu simu zao zilikuwa zimefungiwa kabatini, ili wachungaji wapate utulivu wa kusali na kujifunza uongozi. Na kweli alikuwa ametulia. Alikuwa amelala usingizi wa kutosha kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Aliiwasha simu yake. Ikatetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena, mpaka akaiweka mezani na kuitazama. Alikuwa amepigiwa mara kumi na nne, zote na mtu mmoja: Esnath, mama aliyekuwa mzee wa kanisa kule Nsongole, kijiji chake cha milimani juu ya Mbeya. Kulikuwa na meseji tatu.

Ya Jumatatu jioni: "Baba Mchungaji, bibi Sekela amezidiwa. Anaulizia Meza ya Bwana."

Ya Jumanne: "Bibi amepumzika. Pole baba."

Ya Jumatano: "Tumemzika leo. Usiharakishe njiani, mvua ni kubwa huku juu."

Hiyo ya tatu ndiyo iliyomvunja.

Kwa maana Esnath hakuanza kumwita Jumatatu. Alikuja Jumapili mchana, akasimama mlangoni kwake viatu vikiwa mkononi kwa sababu ya matope. Alisema bibi Sekela, mke wa mzee Asukile, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba tangu mwezi uliopita, alikuwa anaomba Meza ya Bwana. Kisanduku cha kwenda nacho kwa wagonjwa kilikuwa juu ya kabati, na ndani yake chupa ya divai, mikate myembamba, na kikombe kidogo kuliko yai. Katika kanisa lao hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kukifungua, ila wa mchungaji. Kwa bibi Sekela ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Lakini gari la Iringa lilikuwa la alfajiri, na Ambokile alikuwa hajamaliza kuandika mpango wa usharika wa miaka mitano, ambao kila mchungaji alitakiwa kuusoma mbele ya wenzake.

"Mwambie Ijumaa," alisema. "Nikitoka semina naanzia kwake."

"Nitamwambia, baba," Esnath alijibu, akavaa viatu vyake.

Mpango ulipigiwa makofi.

Mchungaji Marcelino, aliyekuwa naye chumba kimoja, alimkuta amekaa kitandani, begi limefungwa, koti limevaliwa, haondoki. Marcelino alitoka Madibira, kwenye mashamba ya mpunga, na alikuwa na mwili mkubwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mfereji. Alisoma zile meseji, akauliza bibi ameacha nani, akarudisha simu polepole.

"Sasa utamwambia nini huyo mume aliyefiwa?"

"Ndicho ninachofikiria."

"Basi usifikirie. Ukifika na maneno yaliyopangwa, atayasikia yalivyopangwa." Aliinama, akavuta mfuko kutoka chini ya kitanda. "Chukua. Mchele wa kwetu. Nilimletea mkufunzi, lakini yeye kashashiba sifa."

Ambokile alicheka, akaupokea mfuko. Marcelino alimwekea mkono begani, akaomba kwa maneno machache, bila kufumba macho, kama mtu anayemwombea dereva mwenye safari mbaya.

Ndani ya basi, Ambokile alipanga maneno. Mpaka Makambako alikuwa na utangulizi. Mpaka Mbeya mjini alikuwa na mistari miwili ya Maandiko na hitimisho.

*

Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya Nsongole, na nyumba zilijulikana kwa moshi wake tu. Alimkuta mzee Asukile barazani, kwenye kigoda, anachagua mbegu za viazi. Vyenye macho mengi aliviweka kushoto, vilivyooza alivirusha kwenye majani. Kulia kwake kulikuwa na kigoda kingine, kitupu, na mbele yake kirundo kilichoachwa nusu.

"Ndaga, mzee. Pole sana kwa msiba."

"Ndaga, baba. Tumeshapoa. Kaa."

Hakujua akae wapi. Akachuchumaa. Aliweka mchele chini, akafungua kinywa atoe ule utangulizi, akakifunga. Akaokota kiazi, akakitazama macho yake, akakiweka kushoto.

"Hicho kimeoza upande wa chini," mzee alisema.

Akakirusha.

Walichagua viazi kwa muda mrefu. Matone yaliangukia ndoo kutoka kwenye bati.

"Hakupata shida mwishoni," mzee Asukile alisema. "Esnath alimpa."

"Alimpa nini?"

"Meza. Bibi alikuwa anatafunatafuna, hana kitu mdomoni. Anauliza, mchungaji amefika? Sisi tunasema yuko njiani. Esnath akachukua kiazi cha kuchemsha na chai ya rangi, vilikuwa pale kwenye stuli. Akasema maneno yenu yale. Bibi akala kidogo, kama punje. Akasema ndaga, akashukuru. Akalala." Mzee alifuta mikono kwenye suruali. "Mimi sijui kama ilikuwa halali. Wewe ndiye unayejua."

Ambokile aliokota kiazi kingine, akakigeuza upande wa chini.

"Ningekutumia mtu tangu Jumapili, lakini Esnath aliniambia alikukuta umeshaondoka."

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani. Ambokile alimtazama mzee, akaona uso uliomwamini, umechoka, hauna swali lolote. Pale ndipo pa kusema. Palikuwa padogo, panatosha sentensi moja.

"Safari ilikuwa ya mapema," alisema.

Na haikuwa uongo, ndiyo maana ilimkaa kifuani kama jiwe.

*

Habari ya kiazi ilikuwa imezunguka kijiji. Jumamosi baraza la wazee lilikaa katika ofisi ya usharika, watu saba na madaftari yao, na Esnath amesimama karibu na mlango. Katibu alikuwa Fanueli, mwalimu mstaafu aliyeandika muhtasari kwa mwandiko wa ubaoni.

"Mimi simchukii Esnath," Fanueli alianza. "Nilipougua kifua, uji wangu ulitoka kwake. Lakini leo kiazi, kesho ugali, keshokutwa kila mtu ana Meza yake jikoni."

"Ugali nao una heshima yake, mwalimu," mmoja akasema, na wawili wakacheka.

"Cheka tu. Ulisema maneno yenyewe, mama?"

"Niliyasema."

"Yote?"

"Nimeyasikia miaka thelathini, mwalimu. Hata wewe ukiamshwa usingizini unayasema."

"Mimi siyasemi juu ya chai!" Fanueli aliweka kalamu chini. Sauti yake ikashuka. "Niambie jambo moja. Mgonjwa wa mwezi mzima. Kwa nini hukumwita mchungaji mapema?"

Esnath aliinua macho, akamtazama Ambokile. Hakumtazama kwa kumshitaki. Alimtazama kama mtu anayeangalia moto kama unatosha, kisha akatazama vidole vya miguu yake.

"Nilichelewa," alisema.

Kikao hakikuwa kirefu. Utaratibu wa kanisa ulijulikana: miezi mitatu bila Meza ya Bwana, kusimamishwa uzee wa kanisa, na kukaa benchi la nyuma. Karatasi ilizungushwa mezani. Ilipomfikia Ambokile ilikuwa na saini sita, na nafasi moja iliyoachwa juu kabisa, ya mchungaji. Alisikia ndani yake sauti nzuri, tulivu, ikimweleza kwamba usharika unahitaji mchungaji anayeheshimika, kwamba kuna mpango wa miaka mitano, kwamba mama huyu mwenyewe amechagua kubeba lawama. Ilikuwa sauti ya mtu aliyehudhuria semina.

Akasaini.

Nje, Esnath alimngoja chini ya paa. "Baba, ule mchele umemfaa mzee," alisema. "Leo kala." Kisha akajitanda kitenge chake kichwani, akaingia mvuani.

Jioni Ambokile alikifungua kisanduku. Mikate ilikuwa imelowa unyevu, imegandana. Alijaribu kuitenganisha, ikavunjika.

*

Benchi la nyuma katika kanisa la Nsongole ni fupi, na mguu wake mmoja umeegemezwa jiwe. Liko kando ya mlango, mahali mvua inapoingia upepo ukiwa wa kusini. Hakuna anayelikalia kwa hiari. Desturi ni hii: jina likisomwa, mwenye jina husimama mahali pake, hupita katikati ya watu mpaka nyuma, na kanisa zima hutazama mbele, lisimwone akipita.

Jumapili ile kanisa lilijaa. Ambokile alisimama na karatasi yake, joho likiwa zito kwa unyevu. Mbele, upande wa wanaume, mzee Asukile alikaa na fimbo katikati ya magoti. Upande wa pili, mahali pa Sekela pembeni mwa benchi, palikuwa pameachwa wazi, na hakuna aliyesogea kupajaza.

"Esnath, mzee wa kanisa," alisoma, "kwa kutoa Meza ya Bwana bila kuruhusiwa."

Esnath alisimama. Watu walitazama mbele. Lakini mchungaji hana pa kutazama mbele zaidi. Yeye peke yake, kati ya watu wote, alilazimika kumwona akipita, hatua kwa hatua, ameshika viatu mkononi ili asichafue sakafu aliyoipiga deki mwenyewe.

Karatasi iliishia pale. Ambokile aliendelea kuishika mbele ya macho kama inayosomeka bado.

"Ambokile," akasema. Akaanza upya. "Ambokile, mchungaji. Aliitwa kwa bibi Sekela Jumapili iliyopita, mchana. Alikuwa nyumbani. Hakuwa ameondoka. Alisema Ijumaa."

Akaishusha karatasi.

"Mama Esnath hakuchelewa. Alisema hivyo kwa ajili yangu, nami nikanyamaza, nikasaini. Na wewe, mzee Asukile, ulinipa nafasi barazani kwako, nikaipita."

Alivua joho. Vifungo vilikuwa vingi, alivifungua kimoja kimoja. Alilikunja, akaliweka juu ya kiti chake, akashuka.

Fanueli alikuwa amesimama, kitabu cha muhtasari kifuani. "Baba Mchungaji," alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kusihi, "hili haliko kwenye utaratibu."

"Najua, mwalimu. Liandike."

Alipita katikati. Aligundua kwamba watu hawakutazama mbele. Walimtazama, wengine kwa hasira, mama mmoja machozi yakimtoka, na watoto midomo wazi. Benchi liliyumba alipokaa. Bega lake la kushoto lililowa papo hapo.

"Hapo pananyesha," Esnath alinong'ona bila kugeuka. "Sogea huku."

Akasogea.

Mbele hapakuwa na mtu. Joho lilikaa kwenye kiti lenyewe, na Fanueli alifungua kitabu cha ibada, akapindua kurasa, akarudi nyuma, akapindua tena, akitafuta. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Mvua ilisikika juu ya bati, kisha ikasikika fimbo.

Mzee Asukile alikuwa amesimama. Alitoka mahali pake polepole, akapita pembeni mwa benchi alilokuwa akikalia mkewe, akaligusa kwa kiganja, akaendelea. Fimbo iligonga sakafu, ikapumzika, ikagonga. Alikuwa anakuja nyuma, uso ameuinamisha, na hakuna aliyeweza kusema kama anaelekea mlangoni atoke, au anaelekea kwao.

Esnath akakusanya kitenge chake, akajibana ukutani, akaacha nafasi.