Rimu za Lazaro

"Hivi, Mama Witness, kitu kikishakuwa duara, kina tundu la katikati na matundu ya nati, inakuwaje kimoja kiuzwe bei ya mbuzi na kingine bei ya dume la ng'ombe?"

Ndivyo alivyouliza Nanyori, jirani aliyehamia Karatu kutoka Olbalbal, siku Lazaro alipoleta rimu mpya za kung'aa na kuzipanga uani kama sinia za harusi. Siku ile Brigita, ndiye huyo Mama Witness, alicheka tu, akaendelea kupeta maharage. Jibu hakuwa nalo, wala hakuona sababu ya kulitafuta. Mambo ya gari alimwachia shemeji yake.

Gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser aliyoiacha marehemu mumewe, Patrisi. Kampuni moja ya utalii ililikodi kupeleka wageni kreta, kwenye bonde la wanyama, Lazaro, mdogo wake marehemu, akiwa dereva. Humo ndimo ilimotoka ada ya watoto na unga wa nyumbani.

Sasa hakuna aliyekuwa akicheka. Brigita alisimama mbele ya kaunta ya Clemensi, muuza vipuri wa Karatu mjini, na juu ya kaunta ililala moja ya rimu zile, imepasuka kuanzia ukingoni hadi karibu na tundu la nati. Jana yake, kwenye mteremko wa kushukia kreta, gurudumu la mbele lilikanyaga jiwe. Halikuwa jiwe la ajabu. Patrisi aliyakanyaga ya namna ile miaka yote. Upepo ukatoka wote, gari likayumba kuelekea bondeni, na wageni wakabaki wameshikana mikono huku Lazaro akihangaika kufunga tairi la akiba. Jumatatu kulikuwa na wageni wengine wa kushusha.

"Ichomelewe tu," Lazaro alisema nyuma yake. "Kuna fundi anachomelea aluminiamu vizuri, hata mshono huuoni."

"Shemeji, huo mshono usioonekana ndio unaonitisha mimi."

Akamgeukia Clemensi. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, mama. Karibu."

"Nimekaribia. Niambie ukweli, hizi rimu ni nzuri au ni mbaya?"

"Mama, hizo ni orijino."

"Orijino ya wapi?"

"Ya kiwandani."

"Na zile za ukutani, zenye bei ya kumtoa mtu jasho?"

"Nazo orijino."

Brigita aliingiza mkono mfukoni mwa gauni, akaishika rozari, akasogeza punje moja kwa kidole. Alikuwa amejifunza kwamba punje moja inatosha kuzuia neno la kwanza. La pili hutoka likiwa limepoa kidogo.

"Sasa kama zote ni orijino, baba, bei zinagombana kwa nini?"

Clemensi alimtazama, akaona hapa hakuna pa kukimbilia, akavuta kigoda akaketi.

"Hizi zako zilimiminwa. Wanayeyusha madini, wanayamimina kwenye kalibu, kama mtu anavyomimina uji bakulini. Kuna wanaomimina kwa utulivu, wakazipima, mbovu wakazirudisha kwenye tanuru, na hizo ndizo za bei ya kati. Kiwanda chenye haraka hakipimi kitu. Vipovu vinabaki tumboni, juu wanapaka rangi ya kung'aa, zinapakiwa. Zile za ukutani zimekandamizwa na mashine nzito mpaka madini yakashikana. Ndiyo maana ni nyepesi, na bado ni ngumu."

"Nyepesi ndiyo ngumu?" Lazaro aliguna. "Hayo ni maneno ya biashara."

Clemensi aliipindua rimu, akamwonyesha Brigita namba zilizochongwa kwa ndani. "Hapa wameandika uzito ambao rimu moja inaweza kubeba. Hii ni ya pikapu ndogo ya kutembea kwenye lami. Matundu yalilingana na gari lako. Mzigo haukulingana."

"Ulilijua hili tangu mwanzo?"

"Nililijua."

"Ukanyamaza."

"Mama, ningesemaje? Shemeji yako aliingia hapa, akanyanyua hii, akanyanyua ile, akasema nzito ndiyo nzuri. Mteja akishajijibu mwenyewe, mimi nani nimbishie?"

Brigita alimwelewa Lazaro papo hapo, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Kwao Mbulumbulu hakuna anayenunua maharage kabla ya kuyachota kwa kiganja na kuyapima. Yaliyojaa ni mazito, yaliyoliwa na wadudu ni mepesi. Lazaro alikua akifanya hivyo mnadani, akaingia dukani kwa Clemensi na kiganja kilekile.

"Rimu si maharage, shemeji."

"Lakini zilibarikiwa. Padri mwenyewe alizinyunyizia maji ya baraka, na wewe ulikuwepo."

"Padri alibariki safari. Kuuliza alikuachia wewe."

Clemensi alikohoa ili asicheke.

"Zile rimu za zamani za chuma alizokuachia shemeji ziko wapi?" Brigita alimwuliza Clemensi.

"Ziko nyuma ya duka, zote, pamoja na ile iliyowahi kupinda."

"Ilipinda, ikagongwa nyundo, ikarudi kazini. Zifunge kwenye gari. Hizi nzima zibaki kwako, na usimuuzie mwenye gari zito, nakuomba kwa jina la Mungu."

Lazaro alisogea mpaka kwenye kaunta. "Shemeji, nishuke kreta na rimu nyeusi? Madereva watasema nimepakia viazi. Wageni siku hizi wanapiga picha gari kabla ya kumpiga simba."

"Wapige. Nao wana mama zao wanaowasubiri huko walikotoka."

"Gari ni la kaka yangu."

"Lilikuwa lake. Alishuka nalo, akapanda nalo, akaja kula nyumbani."

"Basi mwambie Clemensi akuendeshee."

Punje nyingine ya rozari ilipita kidoleni. Alijua kijijini watasema nini juu ya mjane anayemfukuza ndugu wa mumewe. Alijua pia kwamba gari lisilo na dereva halimlishi mtu.

"Ukikataa, nitaipigia kampuni simu watafute gari jingine Jumatatu," alisema. "Ada itachelewa, Mungu anaona. Ila kwa hizi hashuki mtu. Unaendesha na chuma, au huendeshi?"

Clemensi akainuka, akaanza kupangusa betri ambayo haikuwa na vumbi. Lazaro alipitisha kidole gumba juu ya ufa, taratibu, kuanzia ukingoni hadi ulipoishia. Kisha akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka juu ya kaunta, akavaa kofia yake, akatoka.