Kengele ya Mfukoni

Akili ya Mama Goretti ilikuwa imeanza kumtoka, na huko Blaine, Marekani, mtu akipotea Januari, baridi haimwulizi ni mama wa nani. Mwanawe Solomon alinunua kengele ya mlangoni, ya kulia kila mlango ukifunguliwa. Lo! Ilipiga mayowe mpaka mama wa watu akajificha nyuma ya kochi, akalia kama mtoto. Solomon akaing'oa, akaapa kuunda yake, ya kulia taratibu mfukoni mwake yeye peke yake.

Ikawa kazi kweli kweli. Kifaa chake cha kuandikia programu kwenye chipu alikiunda mwenyewe enzi za chuo Kakamega, waya hivi, waya vile, nacho kilisukuma volti tano. Chipu hizi mpya za betri ndogo hazistahimili zaidi ya volti tatu na ushei. Akaunguza moja, akaunguza nyingine.

"Baba, unachoma nini tena?" mama akamuuliza.

"Nachoma pesa, Mama."

Wakacheka. Siku hizo kumsikia akicheka kulimfanya Solomon atake kulia. Akakirekebisha kile kifaa: akakipunguzia umeme, akaweka rezista za kubana umeme kwenye kila waya unaoingia kwenye chipu. Jumapili moja baada ya misa, chipu ikakubali, naye akaifunga mlangoni.

Siku hiyohiyo rafiki yake Zachariah na mkewe Nkirote walikuja kumjulia mama hali. Mlango ulipofunguliwa, mfuko wa Solomon ukalia ti-ti-ti.

"Umetisha, ndugu yangu!" Zachariah akasema. Solomon akavimba kichwa, na nani angemlaumu?

Walikula, wakaomba, wakaaga. Solomon aliagana nao palepale sebuleni, maana Marekani ilishamzoeza hivyo, akaenda jikoni kuosha vyombo. Ti-ti-ti. Haya, wanatoka. Punde, ti-ti-ti tena.

"Nkirote amesahau glavu," akajisemea, akaendelea kusugua sufuria.

Aliporudi sebuleni, kiti cha mama kilikuwa kitupu. Alitoka mbio bila koti, akiita, "Mama! Mama!" Giza lilikuwa limeshaingia. Alimkuta mbali, kwenye kona ambapo magari hukata kuelekea barabara kubwa, ameketi kwenye theluji na ndara zake miguuni. Kifuani alikumbatia chapati za wageni, amezifunga vizuri kwenye foili. Kwao mgeni haachwi mlangoni. Husindikizwa mpaka njiani, tena mkono wake usiwe mtupu. Akili ilikuwa imepoteza mengi, ila hilo haikulipoteza.

Hospitalini walijitahidi. Hakuamka.

Zachariah alifika asubuhi, macho mekundu. Akamshika Solomon mabegani.

"Alikuwa anaenda wapi, jamani?"

"Sijui," Solomon akajibu. Angemwambiaje?

"Na kile kidude chako? Hakikulia?"

Solomon akatazama sakafu.

"Hakikulia," akasema.