Aliyefumua Kazi ya Yusta

Yusta alianza na vitanzi sitini. Alivihesabu kwa sauti mbele ya Mwalimu Beatha, na mwalimu akaitikia kwa kichwa. Wiki ya tatu alipovihesabu tena, akakuta hamsini na nne.

Akarudia. Hamsini na nne. Blanketi lake la buluu, alilokuwa akimfumia mjukuu ambaye binti yake Glory angemzaa huko Mgwashi mwezi wa kumi, lilianza pana likaishia jembamba, mithili ya jani la mgomba lililoliwa na mbuzi upande mmoja.

Mwingine angejiuliza mkono wake umekosea wapi. Yusta alijiuliza ni nani.

Ndivyo alivyokuwa. Kuku asipotaga, alitazama nyumba za jirani. Mwaka uliopita maji ya mfereji yalipopungua kwenye kabeji zake kule Magamba, alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji kumshtaki Mwanaidi, Mama Twaha, waliyepakana naye shamba, kwamba anayageuza maji kwake. Baadaye ikajulikana ni fuko aliyetoboa ukingo. Yusta hakuomba radhi. Tangu hapo wakawa wanasalimiana kwa nusu mdomo.

Na sasa Mwanaidi huyohuyo walikuwa naye darasa moja la kroshia.

Darasa lilikuwa barazani kwa Mwalimu Beatha, Lushoto mjini, kila Jumatano na Jumamosi saa nane mchana. Wanawake saba. Mwalimu, mama wa miaka sabini na kitu aliyewahi kufundisha sayansi kimu, alikuwa na sheria moja: mwanafunzi anayeanza haendi na kazi nyumbani. Nyumbani kuna moshi, kuna panya, kuna watoto wa kuvuta uzi. Kazi zote zililala kwenye kikapu kikubwa chumbani kwake.

Kikapu hicho ndicho kilichomkosesha Yusta raha. Kila alipofika alimkuta Mwanaidi ameshatangulia, amekitoa barazani na kukaa karibu nacho. Kila alipopiga hodi, Mwanaidi na mwalimu walikuwa wakinong'ona, na alipoingia wakanyamaza. Halafu mwalimu angesema, "Karibu, Mama Glory," kwa uchangamfu uliozidi kidogo.

Akaamua kutega. Jumatano moja, kabla ya kurudisha kazi kikapuni, alifunga kipande cha uzi mweusi mwisho wa mstari wake. Akakifunga mafundo mawili.

Jumamosi alikuta uzi mweusi upo palepale. Ila una fundo moja.

Akahesabu vitanzi. Sitini.

Akalipapasa blanketi. Kingo zilikuwa zimenyooka kama zimepigwa rula, na ufumaji ulikuwa laini, uzi umeachiwa upumue. Mkono wa Yusta ulikaza. Kila kitanzi chake kilikuwa kama kimenyongwa. Mkono huu haukuwa wake. Mtu alikuwa amefumua kazi yake yote, akaifuma upya, kisha akarudisha na ule uzi wake wa mtego.

Mwizi anayechukua, aliwaza, unajua anachotaka. Anayerudisha je?

Alifuma huku akimtazama Mwanaidi pembeni ya jicho. Mwanaidi naye alimtazama mara mbili, na mara zote mbili akainamisha uso. Jumatano iliyofuata ilikwenda vivyo hivyo, na darasa lilipokwisha vitanzi vilikuwa hamsini na nane.

Jumamosi Yusta aliteremka kutoka Magamba mapema. Ukungu ulikuwa bado haujaachia miti. Saa sita kasoro alikuwa kwenye ua wa Mwalimu Beatha. Hakupiga hodi. Akazunguka upande wa jikoni, akachungulia mlango uliokuwa wazi nusu.

Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye mkeka, blanketi la buluu mapajani, anavuta uzi. Mstari ulikuwa unafumuka, trr, trr, trr. Mwalimu Beatha alikuwa kwenye kiti, anazungusha uzi uliofumuliwa kuwa donge.

"Nimekufumania!" Yusta aliusukuma mlango. "Leo nimekufumania, Mama Twaha! Uchawi wako nimeuona kwa macho yangu mawili!"

Mwanaidi hakushtuka kama Yusta alivyotarajia. Aliliweka blanketi chini taratibu.

"Shikamoo hata humpi mwalimu?" aliuliza.

Yusta akamgeukia mwalimu. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa chini."

"Sikai. Nataka kujua nimewakosea nini mpaka mnaiharibu kazi ya mjukuu wangu."

"Mimi ndiye niliyemwambia afumue," Mwalimu Beatha alisema. "Sogea hapa. Hapa, mbele yangu. Sasa niambie, mimi nakuonaje?"

Yusta akamtazama. Kwa mara ya kwanza alimtazama hasa. Mboni za mwalimu zilikuwa na weupe, kama maji yaliyooshewa mchele.

"Nakuona kivuli," mwalimu alisema. "Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali wamenipangia mwezi wa tisa. Kazi zenu nazikagua kwa vidole. Vidole vinaniambia ukingo umepinda, lakini haviniambii umepinda wapi. Hapo ndipo Mwanaidi anaponisaidia. Anakuja mapema, anarekebisha palipoharibika. Si kwako tu. Hata kwa mwenzenu Shamsa."

"Kwa nini msiseme?"

"Wakijua sioni, nani atabaki? Watoto wangu wako mbali, Yusta. Darasa hili ndilo linaloniamsha asubuhi."

Yusta akamgeukia Mwanaidi. "Na wewe? Ungeniambia tu kwamba nakosea."

"Ningekuambia mkono wako una kosa, ungesikia nini?" Mwanaidi aliuliza. "Ungesikia Mama Twaha analipiza maneno ya mfereji."

Ilikuwa kweli tupu.

"Haya, chukua sindano," Mwanaidi alisema. "Fuma mstari mmoja nikuangalie."

Yusta alikaa kwenye mkeka na hasira iliyokuwa haijui tena iende wapi. Alifuma mpaka mwisho, akageuza kazi.

"Hapo," Mwanaidi alisema, akigusa ukingo kwa kucha. "Umeruka. Kitanzi cha mwisho hiki hapa, kimelala pembeni. Kila ukigeuza unakiacha."

Yusta alikiona. Kilikuwa kidogo, kimejikunja chini ya mwenzake, wala hakikufichwa na mtu.

"Kumbe nilikuwa najiibia mwenyewe," alisema polepole.

"Usikaze maneno hivyo. Lakini ndiyo."

Saa nane wenzao walifika. Shamsa, msichana mcheshi kuliko wote, alimpelekea mwalimu kitambaa chake, akamwona anakipapasa kwa muda.

"Mwalimu, mbona umekishika nyuma mbele?"

Mwanaidi aliacha kufuma. Hakumtazama Shamsa, alimtazama Yusta.

"Nyuma ndiko makosa yanakoonekana," Yusta alisema. "Hebu lete, nikuhesabie vitanzi. Mimi ndiye bingwa wa kuvipoteza."

Wakacheka, Shamsa akiwa wa kwanza.

Jioni Yusta na Mwanaidi walipanda kwenda Magamba pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea mwaka mzima. Walitembea mpaka kwenye kona ya msitu.

"Hutamwambia mtu?" Mwanaidi aliuliza.

"Unanishuku?"

"Nakushuku."

Yusta alihisi neno hilo likimwingia kifuani na kukaa. Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. "Maji yale," alisema baadaye, "alikuwa fuko."

"Najua."

"Niwie radhi."

Mwanaidi aliitikia kwa sauti ya chini, wakaendelea kupanda.

Mwezi wa tisa Mwalimu Beatha alifanyiwa upasuaji. Darasa lilipofunguliwa tena, wanawake waliambiwa mwalimu alikuwa mgonjwa kidogo, na hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu Yusta hakuwa amemwambia mtu. Mwanaidi alijua hilo. Alikuwa amechunguza, nyumba kwa nyumba.

Siku hiyo mwalimu alilichukua blanketi la buluu, akatoka nalo uani kwenye mwanga. Alilitazama mbele, akaligeuza nyuma.

"Mama Glory," alisema, "mistari hii mitatu ya juu, fumua."

Yusta akaketi, akaivuta sindano, akaanza kufumua.