Mkasi Kwenye Kitanda cha Malkia

Kasri la Wexmere halina mfalme tangu wajukuu wa aliyelijenga walipochoshwa na baridi yake wakaliuza, na mimi naona walikosa akili. Nimelitunza miaka kumi na tisa. Asubuhi nikiingia kwa mlango wa jikoni, kabla wageni hawajafika na matope yao, bado napunguza mwendo nikifika ukumbi mkubwa. Dari ile ya mwaloni ilipandishwa na watu waliokuwa na kamba, farasi na subira, na mpaka leo haijapinda hata upana wa kidole. Mfalme alitaka pa kulala akija huku Shropshire, mashambani Uingereza, kuwinda kulungu. Vitabu vinasema alilala mara nne tu. Wageni wengine hukasirika wakisikia hivyo, nyumba nzima kwa usingizi wa siku nne. Mimi huwawaza mafundi, na hasira hainijii.

Lakini kitanda ndicho kinachowanyamazisha watu. Mfalme alipokufa, mjane wake aliletwa kuishi hapa, na fundi wake akamjengea kitanda humo humo chumbani: nguzo nne zinazokaribia kugusa dari, na kuzizunguka mapazia ya hariri yaliyotariziwa ndege, makomamanga na maua ya porini. Ndege ni mia moja na kumi na wanne, na hakuna wawili wanaofanana. Rangi ya mapazia ni ya chai iliyopoa. Hata hivyo nimeona madereva wa malori, watoto wa shule na maprofesa wakiingia pale wanapiga soga, na wote wakakatisha sentensi katikati.

Aliyeyatibu mapazia hayo ni Hester Tranter. Kwa miaka ishirini na miwili amekaa kwenye kigoda kando ya dirisha, na uzi mwembamba kama unywele alioutia rangi mwenyewe, akishikiza kila uzi wa kale uliotaka kukatika. Siku njema anamaliza sehemu yenye ukubwa wa stempu. Nilipokuja Wexmere sikumjua mtu, na mume wangu alikuwa ameniacha kwa ajili ya mwanamke mfuga mbwa. Hester ndiye aliyenipa kikombe cha kwanza cha chai, akanielekeza pa kununua mkate usiofanana na sponji. Sina rafiki mwingine kama yeye, na nayasema haya mapema ili ijulikane nilichokaribia kukipoteza.

Nyumba kama hii ina orodha. Moto ukitokea, orodha inasema nini kitoke kwanza na nani akibebe. Kila mwaka tunafanya mazoezi. Watu wa kijiji hujipanga kutoka ngazini hadi kwenye nyasi, wakipokezana maboksi matupu yaliyoandikwa "saa ya mfalme" na "bakuli la Kichina". Mwaka mmoja Ambrose Leigh, mwalimu mstaafu anayewatembeza wageni, aliangusha boksi tupu, na mstari mzima ukaguna kwa uchungu. Mtu mmoja hakumsalimia mpaka Krismasi.

Nambari moja kwenye orodha ni mapazia ya malkia. Kitanda hakipiti mlangoni. Kuyavua mapazia kwa adabu kunahitaji watu wanne na siku mbili, kwa sababu yameshonwa na kupigiliwa kwenye fremu. Kwa hiyo orodha ilisema, kwa mwandiko wangu mimi Lorna Pickersgill, kwamba yakatwe. Gethin Prosser, mkuu wa zimamoto wa wilaya, alikuja mwezi wa tatu na penseli sikioni, akitaka kujua yakatwe wapi.

"Bi Tranter, nionyeshe mahali tu. Niweke kikaratasi."

"Kiweke kwanza kwenye shingo yako," Hester akamjibu bila kuinua macho.

"Nauliza kwa nia njema, mama."

"Najua. Nami nakujibu kwa nia njema."

"Hester," nikasema, "moto hauna adabu."

"Mkasi nao hauna, Lorna."

Gethin akanitazama, akarudisha penseli sikioni, akaomba biskuti. Kikaratasi hakikuwekwa.

Moto ulitokea Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa nane na nusu mchana, jua likiwaka na wageni mia mbili bustanini. Panya alikuwa ametafuna waya ndani ya dari ya upande wa mashariki. Nilipofika juu, moshi ulikuwa unatambaa kwenye korido ndefu ya picha, na nje nilisikia ving'ora vikipanda kilima. Nitawasifu watu wangu mpaka nife. Hakuna aliyekimbia ovyo. Mstari ulijipanga wenyewe, mwenye duka la nyama kando ya mke wa kasisi, na saa ya mfalme ikashuka ngazi mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Ambrose aliwatoa wageni wote nje, na kwa kuwa hawezi kusimama mbele ya watu bila kusomesha, akaanza kuwaeleza habari za mabomba ya moshi.

Chumba cha malkia kilikuwa bado na hewa safi. Hester alisimama mbele ya kitanda akiwa amekunja mikono. Gethin aliingia na vijana wake wawili, uso umemlowa jasho.

"Dakika kumi na mbili," akasema. "Baada ya hapo namtoa kila mtu, hata wewe, Lorna."

"Moto utafika huku?"

"Upepo unatoka mashariki."

"Nimeuliza kama utafika, Gethin."

"Na mimi nimekwambia ninachokijua. Ningejua zaidi ningekuwa mtabiri, si zimamoto."

Mmoja wa vijana wake alikuwa ameshika kisu chenye makali yaliyopinda kama ndoana. Hester alikiona. Akanigeukia, na sikuwahi kumwona akimtazama mtu vile, kama anayengoja daktari aseme.

"Lorna, useme wewe. Mimi siwezi."

Kazi ile ilikuwa yangu, na orodha ile niliiandika mimi. Nikasema, "Kata."

"Huyu kijana asiguse," akasema. Akatoa mkasi mdogo kwenye mfuko wa aproni, akapanda ngazi fupi, akaanza.

Pande tatu alizikata kwenye mshono. Alijua kila mshono ulipo, na mkasi ulipita haraka huku vijana wakipokea hariri mikononi kwa woga, kama watu waliopewa bibi yao mgonjwa wambebe. Kilichobaki ni pazia la nyuma, lililo kichwani pa malkia, kitambaa kimoja kizima kisicho na mshono popote, sehemu ya juu imenaswa kwenye fremu. Zilibaki dakika tatu. Mkasi haukufaa. Akamwomba kijana kile kisu, akakivuta kutoka ukingo hadi ukingo. Akawakwepa ndege sita. Wa saba alikuwa korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, ambaye Hester alikuwa amemshughulikia msimu mzima wa baridi uliopita. Hapakuwa na njia ya kumpita. Sauti ya hariri ile ikichanika naisikia hadi leo nikiwa naosha vyombo.

Tulitoka. Mapazia yakalazwa kwenye mashuka meupe juu ya nyasi. Tukasimama tukitazama.

Moto haukufika. Kati ya upande wa mashariki na chumba cha malkia mafundi wa mfalme walijenga ukuta wa matofali mpana kuliko urefu wa mkono wangu, wakautia mlango mmoja wa mwaloni. Mlango ule uliungua nje unene wa vidole viwili, ukakataa kuendelea. Upande wa ndani hata rangi haikubabuka. Gethin alitoka akiwa mweusi mpaka kwenye nyusi, akavua kofia yake, akausifu ukuta ule kwa maneno ambayo kasisi alijifanya hakuyasikia. Watu walipiga makofi. Mimi nilitaka kupiga magoti kwa ajili ya wale wajenzi, na hapo hapo macho yangu yakarudi kwa korongo aliyechanwa.

"Haukuja," Hester akasema.

"Haukuja."

"Chumbani mna nini?"

"Harufu ya moshi kidogo. Basi."

Alitikisa kichwa taratibu, akaenda kuchukua baiskeli yake, akashuka nayo kijijini.

Hakurudi kwa wiki tano. Nilimpigia simu, haikupokelewa. Nilimpelekea keki ya tangawizi, nikaiacha mlangoni, na siku ya pili nikakuta sahani imeoshwa na kuwekwa juu ya ukuta wangu. Kamati ya nyumba iliniandikia barua ya kunipongeza kwa uamuzi wa haraka. Niliitia kwenye droo ya vijiko, sikuweza kuisoma mara mbili. Wageni walipanda ngazi wakakuta nguzo nne na hewa, na Ambrose, ambaye hajawahi kukosa la kusema, aliwaambia tu waangalie dirisha.

Alhamisi moja asubuhi simu ikalia. "Njoo zizini," Hester akasema, akakata.

Zizi la zamani la farasi ndilo tulilolifanya karakana, na mapazia yalikuwa yametandazwa humo kwenye meza ndefu. Hester alikuwa amekonda. Hakunisalimia. Aliniita kwa kidole, akaukunjua mshono mmoja aliokuwa ameukata siku ile, upande wa ndani, mahali ambapo kitambaa kilijikunja siku kilipotengenezwa na hakikuona jua tena.

Kilikuwa kijani. Kijani cha ngano changa, na juu yake uzi mwekundu wa komamanga, mwekundu kabisa. Miaka yote tumewaambia wageni kwamba malkia alipenda rangi tulivu. Kumbe yule mjane alilala ndani ya bustani inayopiga kelele. Nilicheka, halafu nikashika mdomo kwa sababu kicheko kiligeuka.

"Bado," Hester akasema. "Tazama mishono kwa upande wa ndani. Kwenye mapazia mengine inalala kuelekea kulia. Kwenye pazia hili inalala kushoto."

"Maana yake nini?"

"Maana yake aliyelishona alitumia mkono wa kushoto. Kama mimi. Mimi shuleni mwalimu aliufunga mkono huu kwa skafu mpaka nikajifunza kuandika kwa huu mwingine. Yeye walimwachia, akamshonea malkia. Miaka ishirini na miwili namfuata nyuma, Lorna, na sikujua kama yupo."

Nilijua la kusema na nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima.

"Mimi ndiye niliyesema ukate."

"Wewe ndiye."

"Na moto haukuja. Samahani, Hester. Sijalala vizuri tangu siku ile."

"Unadhani nimekaa nyumbani kwa sababu nimekukasirikia?"

"Si ndiyo?"

Alivua miwani, akaifuta kwa aproni kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani.

"Nilikaa nyumbani nikitamani ingeungua," akasema. "Nyumba hii. Dari, ngazi, chumba chake, vyote. Ili niwe sijamkata yule korongo bure. Usiku na mchana naomba kitu kama hicho. Ningekuja vipi kukaa tena kwenye kigoda changu?"

Alikuwa amelitoa neno mdomoni mwangu. Kila asubuhi ya wiki zile tano nilipita ukumbini nikaitazama ile dari isiyopinda, na sehemu yangu moja chafu ikasema, ungeanguka wewe ningekuwa na haki.

"Hata mimi," nikasema. "Hata mimi nilitamani."

"Wewe? Wewe unayeisemesha ngazi ukiipangusa vumbi?"

"Mimi huyo huyo."

Alinitazama, akacheka kidogo puani. Kisha akavaa miwani, akavuta pazia la nyuma karibu. Korongo alikuwa na kichwa upande huu na mguu upande ule.

"Kuyarudisha yote kutachukua miaka minane," akasema. "Nina sitini na tisa. Kamati wanataka nimshone kwa uzi wa kahawia, asionekane kama alikatwa."

"Na wewe?"

"Nataka kijani chake mwenyewe. Watu waone alikatwa, na waone alikuwaje."

"Kamati haitakubali."

"Kamati haikukata. Tulikata sisi wawili." Akasukuma kigoda cha pili kwa mguu, kigoda ambacho sikuwahi kukiona pale. "Kaa hapo unitungie sindano. Macho yangu hayalioni tundu siku hizi, na usijifanye una kazi nyingine."

Nilikuwa na kazi nyingine kumi na moja. Nikakaa, nikachukua uzi wa kijani.