Kasuku Hawezi Kuongopa

Ndege wa Milima ya Uvunde walitawaliwa na Mfalme Kozi, na utawala wake ulikuwa na utaratibu ambao wageni hawakuchoka kuusifu. Kila kiota kilitoa yai moja kila msimu kwa ajili ya meza ya ikulu. Mwewe, Mkuu wa Majeshi, ndiye aliyeyakusanya. Kongoti, Waziri Mkuu mwenye kipara na shingo kavu, ndiye aliyewaeleza wazazi jinsi walivyonufaika kwa kuyatoa. Na barazani, juu ya mwamba ambako zamani walikaa wajumbe wa viota, sasa walikaa kasuku watupu. Wajumbe walikuwa na tabia mbaya ya kuuliza maswali. Kasuku walifundishwa neno moja, "Tumeridhia," nao walilitamka vizuri, kwa pamoja, kila Mfalme aliponyanyua bawa.

Lakini kuridhia ilikuwa kazi yao ndogo. Kazi yao kubwa ilikuwa kutoa ushahidi.

"Sheria ya Uvunde inasema kasuku hawezi kuongopa," Kongoti alipenda kuwafundisha raia. "Uongo unataka akili. Mwongo lazima aujue ukweli ndipo aupinde. Kasuku haelewi hata neno moja katika hayo anayoyasema. Anarudisha alichosikia, kama jabali linavyorudisha mwangwi. Basi kasuku akilisema neno, jueni kuna mtu alilisema kabla yake."

Ndege yeyote aliyenung'unika alishtakiwa kwa njia hiyo. Kongoti alijifungia pangoni na kasuku mmoja, akamkaririsha maneno mpaka yakakaa, kisha kasuku akapelekwa mbele ya raia kuyatapika kwa sauti ya mshtakiwa. Chiriku aliangamia hivyo. Ninga naye, pamoja na wanawe. Halafu ikafika zamu ya Kwale, aliyethubutu kuficha yai lake chini ya majani makavu.

Kasuku aliyechaguliwa kumshtaki Kwale aliitwa Shomari. Alikuwa mpole, mwenye mkia mwekundu, na mkewe Semeni alitua kando yake pangoni siku hiyo, kwa kuwa hawakuwa na mazoea ya kuachana. Mfalme mwenyewe alikuja kusikiliza mazoezi, Mwewe akiwa nyuma yake.

"Sema," Kongoti aliamuru. "'Mfalme na afe, mayai ni yetu.'"

Shomari alimgeukia Semeni, kisha akamtazama tena waziri.

"Sema!"

"Siyasemi haya, Mheshimiwa," Shomari alijibu. "Sikuyasikia kwa Kwale. Nimeyasikia kwako."

Kongoti alimeza mate, shingo yake yote ikacheza. Mfalme hakukasirika. Alimtazama Shomari kama mtu anayetazama ufa kwenye ukuta wa nyumba yake, kisha akamgeukia Mwewe.

"Mvunje."

Mwewe alimvunja palepale sakafuni. Alianza na mbawa, bila haraka. Alipomaliza, alimtazama Semeni. "Na huyu jike lake, Mtukufu?"

Mfalme alimsogelea Semeni mpaka midomo yao ikakaribia kugusana. "Wewe, umeona nini?"

Damu ya mumewe ilikuwa imefika kwenye jiwe alilokalia.

"Tumeridhia," alisema.

Mfalme alicheka mpaka machozi. "Mnaona? Huyu ndiye kasuku wa kweli! Mpeni yeye maneno ya Kwale. Na mimi atakuja kuniamsha asubuhi kwa sifa zangu."

Kesho yake Semeni alisimama mbele ya raia na kusema, kwa sauti ya Kwale, kwamba Mfalme na afe. Kwale akauawa kabla jua halijawa kali.

Mjane wake alimvizia Semeni kisimani, akamrukia, akamng'oa manyoya ya kifuani. Semeni hakujitetea.

"Nijibu!" mjane alilia. "Nyinyi kasuku, mnaelewa mnachosema, au hamwelewi? Maana kama hamwelewi, nitamchukia Kongoti peke yake."

Tangu azaliwe, Semeni hakuwahi kumwambia ndege asiye kasuku neno lake mwenyewe.

"Tunaelewa, dada," alisema. "Nilielewa kila neno. Nilimuua mumeo ili nibaki hai, na nimebaki hai kwa sababu ya jambo moja tu. Nichukie, una haki. Lakini siku ya baraza la mvua, waite wote waliofiwa. Waje wasimame chini ya mwamba, karibu."

"Waje kufanya nini?"

"Waje kuidai sheria ifuatwe."

Kuanzia hapo Semeni alikuwa mtumishi wa mfano. Kila asubuhi alitua kando ya kitanda cha Mfalme akamwita Jua la Uvunde. Mfalme aliongea mbele yake kama mtu aongeavyo mbele ya kiti. Naye Semeni, aliyeonekana kusinzia, alikuwa akijifunza kile kikohozi kidogo cha Mfalme kabla ya kutoa amri, jinsi alivyoburuta jina la Kongoti, na ule mkwaruzo wa chini kooni alipozungumzia chakula. Alipokuwa peke yake alifanya mazoezi kwa kunong'ona. Wakati mwingine sauti ilimtoka sawasawa mno, akahisi muuaji yumo kifuani mwake.

Siku ya baraza la mvua Mfalme alitangaza kwamba yai moja halitoshi tena, kila kiota kitoe mawili. Akanyanyua bawa.

"Tumeridhia!" kasuku waliitikia.

Chini ya mwamba wajane na mayatima walijaa kimya. Kisha, katikati ya ukimya huo, kikasikika kikohozi kidogo.

"Kongooti," ilisema sauti ya Mfalme, lakini mdomo wa Mfalme ulikuwa umefungwa. "Mwewe amenenepa, anaanza kujiona. Mvua zikianza, makinda yake yaletwe jikoni, yangali laini. Yeye mwambie ni ugonjwa."

Wote walimgeukia Semeni. Alikuwa ametulia mahali pake, macho hayana kitu.

"Sijasema hayo!" Mfalme alifoka. Pengine lilikuwa neno la kweli la kwanza kumtoka juu ya mwamba ule. "Kasuku huyu anaongopa!"

"Kasuku hawezi kuongopa!" mjane wa Kwale alipaza sauti kutoka chini.

"Hawezi!" waliitikia waliofiwa. "Ndiyo sheria! Mliwaua wetu kwayo!"

Mwewe alikuwa hajatikisika. Alimtazama Kongoti. "Waziri. Wewe ndiye mwalimu wa sheria hii. Kasuku anaweza kuongopa?"

Kongoti aliwatazama wafiwa. Akisema anaweza, wangemuuliza habari za wafu wao, na nani aliyewafundisha kasuku. Akisema hawezi, basi amri ile ilitolewa masikioni mwake. Akafanya kama waoga wote wafanyavyo, akatafuta njia ya tatu.

"Alisema!" alipiga kelele. "Ni kweli alisema, Mkuu, lakini mimi nilikataa! Nilimwambia wanao ni kama wanangu!"

Mfalme alimgeukia waziri wake kwa mshangao wa dhati. Hakupata nafasi ya kufungua mdomo. Mwewe alikuwa tayari juu yake.

Walipigana angani mbele ya macho ya nchi nzima, manyoya yakimwagika kama majani wakati wa upepo. Mfalme alianguka wa kwanza, koo limechanika. Kongoti alijaribu kuruka, lakini alikuwa mzito kwa mayai ya wenzake. Ndege wadogo walimfuata kwa kundi, kila mmoja akimdonoa mara moja kwa ajili ya mfu wake, na wafu walikuwa wengi. Askari walipoona hakuna tena wa kuwaamuru, waliyeyuka.

Mwewe alianguka chini ya mwamba, jicho moja limetoboka, bawa limevunjika mara mbili. Semeni alishuka, akatua usawa wa sikio lake.

"Kasuku," Mwewe alisema kwa taabu, kama asemaye na nafsi yake. "Laiti ungeweza kuniambia alisema lini. Nimemtumikia maisha yangu yote."

"Hakusema," Semeni alijibu kwa sauti yake mwenyewe. "Hakuyasema kamwe. Alikupenda. Maneno yale niliyatunga mimi, kila asubuhi neno moja, tangu ulipomvunja Shomari mbele yangu."

Jicho lililobaki la Mwewe lilifunguka likawa kubwa. Alijaribu kunyanyua bawa, halikunyanyuka.

"Unanielewa?" Semeni alimuuliza.

Kisha akasogea pembeni, akawapisha wajane.