Kumwosha Bwana Mkubwa

Mwenye farasi alipofariki, mjane wake aliachiwa nyumba, mkokoteni wa kusambazia unga madukani, na farasi mmoja aliyehasiwa, mzee kiasi cha mtaa mzima kumwita Bwana Mkubwa. Kumlisha farasi, mjane alijua. Kusafisha kwato alijua. Lakini kazi moja marehemu alikuwa akiifanya amefunga mlango wa banda. Mkewe akiuliza, alijibiwa, "Haya ni mambo yetu wanaume," na kicheko juu.

Sasa Bwana Mkubwa alikuwa akikojoa kwa taabu. Alitanua miguu, akaguna, mkojo ukatoka matone matone.

Daktari wa mifugo alimkagua, akasema, "Mama, huyu hajaoshwa siku nyingi. Mfuko unaoficha uume umejaa uchafu, na kwenye ncha kuna donge gumu limebana njia. Nitamchoma sindano ya kumtuliza, lakini osha wewe, mimi nikuelekeze. Amekuzoea, na kazi hii itarudi tena. Tafuta mtu amshike kichwa."

Aliyekuwa karibu ni wifi yake, dada wa marehemu, aliyeishi nyumba ya jirani. Tangu mazishi walikuwa wakisalimiana kwa mbali tu. Wifi alitaka farasi auzwe. Alisema kila akimwona anamwona kaka. Hata hivyo alikuja, uso umekunjamana, akashika hatamu.

Mjane alivaa glavu, akasimama ubavuni kama alivyoelekezwa, aibu ikimchemsha masikio.

"Wifi, mshike vizuri, asinipige teke nikamfuata kaka yako."

"Ukimfuata, mwambie ametuachia kazi gani hii!"

Daktari aligeuka pembeni kuficha kicheko.

Mjane alichovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, bila sabuni kali, akaingiza mkono polepole. Magamba meusi yalilainika, yakabanduka. Harufu ilimpanda puani, lakini farasi alitulia, kichwa kimelegea begani kwa wifi. Kazi ile haikutaka haraka hata kidogo. Mjane akawaza: mume wake hakuweza kusubiri chai ipoe. Subira hii yote alikuwa akiiweka wapi? Akajikuta anamwonea farasi wivu.

"Kaka alikuwa na mkono mwepesi," wifi alisema ghafla. "Mama yetu alipougua akawa wa kulala kitandani, yeye ndiye aliyemwosha mpaka siku ya mwisho. Mimi binti nilishindwa. Nilikuwa nakaa sebuleni, namsikia anamwimbia."

"Hakuniambia."

"Asingekwambia. Alinisitiri."

 Mjane aliendelea kufuta, mpaka vidole vikagusa kitu kigumu kama harage. Daktari alimwonyesha namna ya kukisukuma taratibu, kikatoka.

Walisubiri. Bwana Mkubwa alitanua miguu, na safari hii mkojo ulishuka mfululizo, kwa kishindo, ukawarukia wote watatu. Wifi alipiga ukelele, kisha akacheka, na mjane naye akacheka, mpaka kicheko kikageuka kilio na wakashikana hapo hapo kwenye majani ya banda.

Habari ya kumwuza farasi iliishia hapo. Jioni ile wifi aliingia jikoni bila kubisha hodi, akavuta kigoda, akasema, "Haya, nikuhadithie kaka yangu alivyokuwa mdogo."

Mjane akaongeza maji ya chai.